Jibini la Mgeni

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na maneno niliyokosea. Mimi huandika polepole. Leo kazini nimesikia harufu ya jibini, nikakumbuka siku moja ya utotoni, mtaani kwetu Laini Saba.

Mgeni Mzungu wa kanisani alituletea kipande cha jibini kutoka kwao. Mama naye akammiminia maziwa lala, yale yaliyogandishwa kwenye kibuyu, kutoka Kitui, yanayonuka moshi.

"Hii si sabuni kweli?" kaka yangu akaninong'oneza.

"Kuleni," Mama akasema kwa Kikamba, huku akimtabasamia mgeni. "Mkiniaibisha leo mtanijua."

Nikalitia mdomoni. Lilinata kwenye meno na kunuka kama soksi. Kumeza kulinishinda, na Mama alikuwa amenikazia macho. Nikatoka mbio hadi kwenye mtaro nyuma ya nyumba, nikatema.

Nikasikia hatua za mtu nyuma yangu. Nikajua ni Mama, nimekwisha. Kumbe ni mgeni, mashavu yamemjaa. Akainama kando yangu, akatema maziwa yetu. Akaweka kidole juu ya midomo kuashiria iwe siri, nami nikaweka changu.

Tuliporudi ndani Mama alikuwa ameinua kibuyu na sahani ya jibini, anatungoja.

"Niwaongeze?"

Niandikieni mniambie: ninyi mngejibu nini?