Siti ya Nyuma Niliyoiona Tupu

Nikiandika haya nacheka, ila siku ile sikucheka. Kazi yangu ni kubandika tinti kwenye magari hapa Ifakara, na kwa kujisifu sijambo. Juzi Shija, kaka wa mchumba wangu, alisimamisha gari mbele ya kibanda changu. Vioo vyeusi tii, kazi ya fundi wa Morogoro. Wivu ukanipanda.

"Shemeji, hebu nikagulie."

Nikabandika pua kwenye kioo cha nyuma, nikajichokonoa meno humo humo, kisha nikatikisa kichwa kama daktari.

"Umepigwa, shemeji. Hii feki. Mbona naona ndani kote? Siti ya nyuma tupu, imejaa vumbi la barabara ya Mchombe!"

Kusema kweli nilikuwa naona meno yangu tu.

Shija akakohoa. Sikuelewa, nikaendelea.

"Na mzee wenu anakuja lini kunitazama kabla ya posa? Nimeshanunua shati la kumzugia."

Kioo kikashuka taratibu. Kwenye ile siti tupu alikaa mzee mwenye kofia pana, fimbo mapajani, pua yake karibu na yangu.

"Marahaba," akaitikia.

Shikamoo nilikuwa sijaitoa.