Bokilo mu Telefone

Miye niko na kabine ya telefone hapa Mudzipela, kwenye watu wanatumaka na kutosha feza, na nyuma ya kiti yangu niliandika kwa rangi nyekundu: USIPATIE MUTU NAMBA YAKO YA SIRI. Wamama ya soko wananiitaka mwalimu. Basi musikie mwalimu yenu.

Juzi telefone ililia. Sauti ya muzee ikasema: "Mutoto yangu, ni baba ya bibi yako. Niko Mambasa, niko mugonjwa, na telefone yangu ilipotea."

Nikasimama, nikatosha kofia. Siye, bokilo, baba mukwe, hatumuulizake jina, na ni yeye anakataka telefone wa kwanza. Akaomba namba yangu ya siri, atoshe feza ya dawa mu telefone yangu. Rezo, ile mutandao ya telefone, ilikuwa mubaya, nikamutajia kwa sauti kubwa. Mama moja muteja akaniambia pole pole: "Mwalimu, geuka kidogo usome ukuta yako." Nikamufanyia mukono anyamaze. Niko naongea na bokilo.

Mbele nifike nyumbani, feza yote ilikuwa imeisha mu telefone. Na mu salon, kwenye tunapokeaka wageni, bokilo mwenyewe anakunywa chai.

Bibi yangu akasema: "Papa iko hapa tangu asubui. Anataka umufundishe namna wezi ya telefone wanadanganyaka watu."

Nikabaki wima, kofia mu mukono. "Wanasemaka ni weye, papa."

Akaweka kikombe chini. "Na uliwapatia?"

"Niliwapatia. Tena nilisimama na kutosha kofia."

Muzee akaniangalia sana. "Asante kwa heshima," akasema.