Kidole cha Fundi Kingori

Fundi wa mawe wa kumshinda Kingori wa mtaa wa Skuta kwa kujisifu hajazaliwa, usijisumbue kumtafuta. Nyumba za wazungu zilipopata wenyewe wapya baada ya uhuru, na kuta zikaanza kumwaga chokaa kama mzee anavyomwaga meno, ni yeye aliyeitwa kukwangua maungio ya mawe na kuyajaza upya. Lakini chokaa hiyohiyo ilikuwa imemrukia machoni miaka thelathini. Kufikia umri wa miaka sitini na tisa, Kingori aliona mwanga na kivuli, basi. Alifanya kazi kwa kidole: cha kushoto kinatangulia kwenye ungio, mwiko unafuata. Hakumwambia mtu. Siku watakayojua, mwiko utabaki wa kusongea ugali.

Kule Endarasha, mama mmoja tajiri wa viazi, Wachuka, akampa kazi ya kujaza maungio ya nyumba yake. Wa kumchanganyia chokaa alikuwa Moffat, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliyechoka kuitwa na Kingori kichwa cha mbuzi na aliyeutaka ule ufundi uwe wake.

"Mzee, hiyo laini imenyooka?" Moffat alimchokoza, maana alishaanza kuyashuku macho yake.

"Ati imenyooka? Wewe uko na macho ya nini, ya kulilia?"

Siku ya nne zilibaki safu za chini. Moffat akachanganya mchanga na unga wa mahindi, chokaa hata kijiko hakutia. Kingori akapapasa, akajaza, akasawazisha, uso unang'aa.

"Leo umechanganya kama mtu! Inashika!"

Saa nne akaketi kunywa chai. Akasikia ko, ko, ko.

"Moffat! Wacha kugonga mawe yangu!"

"Si mimi, mzee. Ni wageni wako, nao wako chai."

Vibarua wa shamba la viazi waliokuwa karibu wakaanguka chini kwa kicheko. Wachuka akatoka, akakuta kuku wake wamejipanga ukutani wakidonoa maungio. Akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani. Halafu akamtazama yule mzee aliyekuwa akigeuza uso huku na huku.

"Fundi, hao kuku ni wangapi?"

Kingori akakazia macho ukuta. "Watatu. Na jogoo."

Walikuwa kumi na mmoja, na jogoo hakuwepo.

Wachuka akauchukua mwiko wa Kingori, akampa Moffat. Kingori aliomba tu aukwangue ule unga mwenyewe, asiache kazi chafu nyuma yake.

"Nenda nyumbani, mzee," Wachuka akamwambia. "Kuku watamaliza."