Yangeyange juu ya korongo

Ningewaambia walinzi wa shamba la ngano kwamba sijaona ng'ombe, ingetosha. Lakini nilikubali kuwaonyesha. Juzi mjukuu wangu alitandika makapi ya ngano kwenye banda la kuku, na ile harufu kavu ya vumbi ikanirudisha siku ile, nikiwa bado mtoto.

Walinzi walikuwa watatu, wenye marungu. “Nyinyi watu wa ng'ombe mnatumalizia ngano,” mmoja alifoka. “Wako wapi? Ukituonyesha, utapanda kombaini, ile mashine ya kuvunia.”

Nilitazama mbele, nikaona ngano tupu hadi chini ya mlima, ikichoma macho kwa jua. Ndipo nikakumbuka alivyonifundisha baba mdogo machungani: ukipotelewa na ng'ombe, acha kutazama majani, inua macho utafute yangeyange, wale ndege weupe wanaofuatana nao. Nikainua macho. Walikuwa wakizunguka juu ya korongo.

“Kule,” nikasema.

Nilidhani ni ng'ombe wa jirani. Kumbe korongoni alikuwa baba mdogo mwenyewe, akiwapeleka ng'ombe wetu majini kwa kujificha, maana njia yetu ya zamani ilikuwa imelimwa ngano. Walimpiga hadi mguu ukavunjika.

“Nani amewaonyesha?” aliuliza, akitema damu.

“Mimi, baba mdogo. Niliwaona ndege.”

Mlinzi akacheka. “Huyu ana macho! Twende ukapande.”

Nami nikaenda, nikapanda.

Mguu haukupona vizuri. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto, na hakuitikia hata mara moja hadi tulipomzika.