Kitabu Tulichokisoma Kinyume

Wenzangu mliokula chumvi nyingi, mnakumbuka wakati wa Mwingereza, kitabu kimoja kilipokuwa kikisomwa na mtaa mzima mpaka kurasa zikalegea kama kisamvu? Wajukuu zangu leo wakibishana kama filamu imeharibu kitabu, hunitazama kwa huruma, wakidhani bibi yao hana la kusema. Mimi ugomvi huo niliumaliza Kilwa Kivinje, nikiwa bado na pengo la meno ya mbele.

Kitabu chenyewe alituletea baba mdogo kutoka Lindi, akatuachia akaenda zake. Kilikuwa hadithi ya picha, na chini ya kila picha mstari mmoja wa herufi za kizungu. Sisi tulikuwa watoto wa chuoni, chuo cha Kurani. Juzuu tulizisoma, na barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu haikutushinda, lakini a, e, i, o, u tulikuwa hatujakutana nazo. Basi tukakifungua kama tulivyozoea kufungua msahafu, tukaanzia kulia kwenda kushoto. Hakuna aliyetusahihisha, kwa sababu kila mtu nyumbani alisoma hivyo hivyo.

Na hadithi ikawa tamu. Mwanamume mmoja, shati limechanika, amekaa peke yake uani. Ukurasa wa pili, mwanamke yuko njiani, furushi kichwani. Halafu wanagombana kidogo, jambo ambalo kaka yangu Hamisi alilieleza kuwa ni kawaida ya watu waliokumbukana. Halafu mwanamume yuko na mbuzi wa kamba. Halafu shamba limestawi, na mwisho kabisa harusi, masinia ya wali, bwana harusi ndani ya kanzu mpya. Tulikirudia mpaka tukawa tunakisoma macho yamefumbwa.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukipenda. Mama alikuwa amekwenda kwao Kikole tangu mvua za kwanza. Baba alikuwa amemuuza mbuzi wa mama bila kumuuliza, mbuzi ambaye mama alipewa na bibi, na alipodaiwa maelezo akajibu kwa ukali. Mama akafunga nguo zake, akaondoka. Shangazi akaja kutupikia, na mkono wake wa chumvi ulikuwa mzito, Mungu amrehemu. Hakuna mtu mzima aliyeniambia kama mama atarudi. Kitabu ndicho kilichoniambia. Kila siku nikitoka chuoni nilifungua ukurasa ule wa njiani, nimtazame yule mwanamke kama amesogea.

Ndipo likaja gari la sinema la serikali. Lilinuka petroli, harufu ambayo siku hizo ilikuwa ya raha. Baada ya magharibi shuka jeupe likatundikwa uwanjani. Watoto tulikaa mbele mchangani, wanaume nyuma, wanawake ubavuni na karanga zao za kukaanga. Picha hazikuwa na sauti, kwa hiyo bwana mmoja alisimama na kipaza sauti kutusimulia.

Shuka likawaka, tukaruka. Walikuwa watu wetu wa kitabuni, na sasa wanatembea. Lakini walianza na harusi. Hamisi akatangaza kwa sauti kwamba hawa wamepachika mkanda nyuma mbele, na sisi wenye elimu ya kitabu tukawacheka wataalamu wa serikali mpaka mbavu zikauma. Kisha shamba likanyauka. Bwana akamchukua mbuzi wa mkewe, akampeleka mnadani. Hapo kicheko kilikatika huko nyuma. Kivinje ni mji mdogo, kila mtu alijua habari za mbuzi wetu. Vichwa vikaanza kumgeukia baba, kimoja kimoja, na upande wa wanawake karanga ziliacha kutafunwa.

Mke akafunga furushi, akashika njia. Msimulizi akasema, "Anakwenda kwao. Harudi tena huyu."

Nikasimama, nikaenda mpaka kwenye shuka, kivuli changu kikamfunika yule mwanamke.

"Anarudi," nikamwambia msimulizi. "Mimi nimemwona kitabuni, anarudi. Na mama yangu anarudi."

Baba alipita katikati ya watu, akanibeba kama mtoto wa kunyonya, tukaondoka picha haijaisha. Nyumbani alitaka nimwonyeshe hicho kitabu. Alikifungua mbele ya kandili, kwanza kutoka kulia, halafu akarudia kutoka kushoto, akakaa nacho magotini. Nilimwona akijifuta macho, nikaona haya kwa ajili yake.

Alfajiri alikuwa keshatoka. Siku ya nne walirudi wote wawili, baba akivuta mbuzi jike, na furushi la mama amejitwika yeye. Kivinje ilimcheka mwezi mzima. Hakujali, au alijifanya hajali. Mama alipika wali wa nazi na kunde, na Hamisi akaendelea kushikilia kwamba mkanda ulipachikwa vibaya.

Nilipokuwa mtu mzima, nina wanangu, siku moja tukichambua mchele mama akaniambia, "Yule bwana wa sinema alisema kweli, mwanangu. Mimi nilikuwa sirudi."

Sasa nawatazama wajukuu. Kila mmoja na simu yake, na vidude masikioni. Wanacheka peke yao, wanalia peke yao, na ukiuliza kuna nini wanakujibu, "Hakuna kitu, bibi." Picha zao ni kali kuliko zetu, sibishi. Lakini baba yangu angeitazama filamu ile kwenye simu, amejilaza chumbani kwake, hakuna jicho la mtu juu yake, angefika mwisho, akaizima, akalala. Asubuhi angefungua duka lake kama kawaida, na mimi ningekua bila mama.