Neno Nililosoma Peke Yangu

Mama yangu alizikwa kwa maneno yangu mimi.

Niliyaandika kwa kidole changu hiki, herufi moja moja. Yakasomwa kaburini, watu wakayasikia, wakajifuta machozi.

Na mimi niliyeyaandika sikujua kama kuna kaburi.

Ukishangaa, shangaa taratibu. Mimi ni mtu wa kuandika polepole, basi nawe nisome polepole.

Mimi ni dobi wa hospitali. Nafua mashuka, mapazia na majoho ya madaktari. Nina miaka arobaini na saba. Kusoma nimeanza nikiwa na arobaini na tano, darasa la jioni, nyuma ya kanisa, nikitoka kazini mikono imekunjamana kwa maji.

Usicheke. Wenzangu walishacheka kwa niaba yako.

Kwa nini sikusoma utotoni? Nilipofika umri wa kuanza shule, mdogo wangu wa kike alizaliwa. Baba alikuwa ameshatangulia. Mama alikuwa mponda kokoto. Mtoto mchanga hawezi kukaa kwenye vumbi la mawe, kwa hiyo mimi nikabaki nyumbani kumbeba.

Huyo mtoto alikua, akaenda shule, akamaliza. Mimi mgongo wangu ndio ulikuwa shule yake ya kwanza.

Naikumbuka sana sauti ya kwetu. Wengine kwao wanakumbuka jogoo. Mimi nakumbuka nyundo. Ko, ko, ko, tangu alfajiri. Mama alikata pete ya mpira kutoka tairi kuukuu, akaweka jiwe ndani ya ile pete lisiruke, akaligonga. Alichambua kokoto mafungu matatu: nene, za kati, na ndogo za zege. Jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mama, umezeeka leo!" tulikuwa tukimwambia.

"Nawe ukikua utazeeka hivihivi, kwa siku moja," alikuwa akijibu, kisha ananawa na kuwa kijana tena.

Mama hakuwa mtu wa kukaa. Hata akiumwa alifagia. Ukimpokonya fagio, anachukua kitambaa.

Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani, kabla ya ugonjwa kuingia duniani, alinisindikiza mpaka njia panda. Akanishika mkono.

"Mwanangu, najua una neno na mimi moyoni. Lile la shule."

Nilitakiwa kusema, "Hapana, mama."

Sikusema. Kwa sababu neno lilikuwepo. Nikamwambia tu, "Gari langu litaniacha," nikaondoka.

Ndugu zangu, hilo ndilo lilinikalia kifuani kama jiwe. Nilisali juu yake miaka miwili. Na Mungu kweli alinitoa kile kinyongo, kidogo kidogo, jinsi doa linavyotoka kwa kulowekwa, si kwa kusuguliwa. Nilipojua kusoma mistari yangu ya kwanza, nikagundua hakipo tena.

Nikajiwekea nadhiri. Nitaandika barua kwa mkono wangu mwenyewe, nimsomee mama kwa sauti. Asikie kwamba sina kinyongo, na asikie kwamba nasoma. Yote mawili kwa pumzi moja.

Kisha ugonjwa ukaja.

Barabara zikafungwa. Sisi wa hospitali tukaambiwa tusirudi majumbani, tusije tukabeba ugonjwa. Madobi kumi na wanne tukalazwa kwenye stoo ya mashuka, magodoro chini, rafu za mashuka juu yetu. Geti likafungwa kwa kufuli. Darasa la jioni nalo likafungwa.

Wiki ya pili, simu yangu ya vitufe ikatumbukia kwenye beseni la sabuni. Nikaianika juani. Ikafufuka nusu: ujumbe wa maandishi ulifika na kutoka, lakini sauti ilikufa kabisa. Mafundi wote wamefunga. Ufanyeje?

Godoro la jirani yangu lilikuwa la mpiga pasi wetu, tunamwita Mama Pasi. Mwanamke mwenye moyo wa dhahabu na mdomo wa wembe. Yeye ndiye aliyenisomea ujumbe uliotoka nyumbani, na kila Jumapili mchana alinipa simu yake nimpigie mdogo wangu.

"Mwanafunzi," alikuwa akiniambia, "wewe miaka miwili shuleni na bado unasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe!"

"Navuka lakini."

"Unavuka, ndiyo. Ila wenzako wameshafika, wameolewa, wamezaa."

Tulicheka. Usipocheka mahali kama pale, utalia.

Kisha habari ikaja: mama anakohoa. Hospitali ya kwetu imejaa, wanamuuguza nyumbani. Mama Pasi akanisomea ujumbe wa mdogo wangu: "Mama hataki kulala. Jana nimemkuta anafagia. Dada, mwambie apumzike."

Jumapili ile nikapiga. Mama aliweza kusema "Mwanangu" tu, kikohozi kikambeba.

Barua yangu ilikuwa bado mistari minne. Nilitaka tisa.

"Mama, pumzika. Jumapili ijayo nina kitu nitakusomea."

Laiti ningesoma ile minne.

Jumanne, saa sita mchana, simu ikatetemeka mfukoni kwangu. Mama Pasi akanyoosha mkono kama kawaida.

"Lete nikusomee."

Sijui nini kiliniingia. Au najua: kiburi. Kiburi kidogo, kisafi, kilichovaa nguo za ibada.

"Leo nasoma mwenyewe."

"Haya, profesa. Mto huo, vuka."

Nikageukia ukutani, kati ya mashine mbili. Da-da. Ma-ma. A-me-pu-mzi-ka. Le-o. A-su-bu-hi. Tu-o-mbe-e.

Dada, mama amepumzika leo asubuhi. Tuombee.

Nimesoma! Bila kosa hata moja, neno refu lile!

Na mama naye, hatimaye, amekubali kupumzika!

Wewe unayesoma sasa umeshaelewa. Najua. Hata mimi lile neno nimelisikia kwenye misiba mara mia: fulani amepumzika, Mungu amlaze pema. Lakini nilikuwa nalisikia kwa masikio. Neno ukilisikia lina vyumba vingi ndani. Mimi nilikuwa nasoma silabi, na silabi zina chumba kimoja. Kupumzika ni kupumzika. Si ndicho tulichokuwa tunamwomba wiki nzima?

Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu yenye maji. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Vipi huko?" Mama Pasi akauliza.

Mwalimu wetu alitufundisha hivi: ukishasoma, eleza kwa maneno yako mwenyewe, ndipo tujue umeelewa. Nikaeleza kwa maneno yangu mwenyewe.

"Mama amelala! Kakubali kulala, kaacha kufagia!"

Chumba kizima cha kufulia kikapiga makofi.

Ningelisema lile neno lenyewe kama lilivyoandikwa, mmoja wao angeshtuka. Lakini nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Nikaandika jibu. Lilinichukua mchana wote, kati ya mzigo mmoja wa mashuka na mwingine. Hili hapa, sijabadili kitu:

"Asante Mungu. Mama amefanya kazi sana. Mwacheni apumzike. Msimwamshe. Sina kinyongo naye hata kidogo. Nitamwambia mwenyewe tukionana. Akiamka mpeni maji ya moto aoge."

Kesho yake mdogo wangu akajibu: "Dada, maneno yako yametushika sote. Mungu akubariki."

Nikasoma peke yangu tena. Nikajiona mtu. Wamenisikiliza, nikasema moyoni, hawamwamshi.

Siku tano, ndugu zangu. Siku tano nilifua nikiimba. Barua ikafika mistari tisa, nikaikunja, nikaiweka ndani ya foronya ya mto wangu wa kulalia.

Jumapili nikashika simu ya Mama Pasi kwa mkono mmoja na barua kwa mwingine. Wenzangu wakakaa kimya kunisikiliza. Walitaka kuona nikivuka.

"Hujambo mdogo wangu? Nipe mama."

Nikasikia anatoka nje na simu.

"Nipe mama, nina kitu namsomea."

"Dada..."

"Kama amelala, mwekee simu sikioni. Nitasoma polepole."

"Dada, mama tulimzika Jumatano."

Sikumbuki nilivyokaa chini. Wenzangu wanasema sikuanguka. Wanasema nilikaa taratibu, nikaikunja barua vizuri, ikabaki saizi ya kidole, nikaendelea kuikunja ilhali haikunjiki tena.

Mama Pasi akachukua simu. Akasikiliza. Akafunika mdomo.

Nililia siku ambayo kwetu walikuwa wameshamaliza kulia. Turubai limekunjwa, viti vimerudishwa kwa majirani. Msiba wangu ulikuwa wa mtu mmoja, kwenye stoo ya mashuka, na barakoa yangu imelowa mpaka haipitishi pumzi.

Kilichoniuma zaidi si kifo. Ni yale magoti. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu siku ileile mama yangu alipokata roho. Wiki nzima nilishindwa kusali. Nilifumba macho nikauliza neno moja tu: uliipokea ile shukrani? Mashine zikaendelea kuzunguka.

Mama Pasi akanilaza kichwa pajani kwake.

"Mwenzangu, Mungu naye anajua kusoma. Alijua ulichomaanisha."

Hilo nalishika mpaka leo. Siku nyingine linanishika mimi.

Geti lilifunguliwa baada ya miezi miwili. Nikaenda nyumbani. Mdogo wangu akanipeleka kaburini, tukakaa kwenye majani, akaniambia ilivyokuwa.

Waliruhusiwa watu kumi. Mchungaji hakuruhusiwa kufika, naye alikuwa mgonjwa. Waliokuja na jeneza walivaa mavazi meupe mwili mzima na walikuwa na haraka. Mjomba alishika ukingo wa jeneza, hataki lishuke. Hakuna wa kusema neno. Mama ashushwe kama gunia?

"Nikatoa simu," akasema. "Nikasoma ujumbe wako. Mwacheni apumzike. Msimwamshe. Mjomba akaachia. Nikasoma, sina kinyongo naye hata kidogo. Nitamwambia mwenyewe tukionana. Dada, wale wa mavazi meupe nao walilia. Walidhani tumeletewa mahubiri."

Nikatikisa kichwa. "Nanyi mkadhani nimeipokea habari kwa imani."

Akang'oa jani, akalichana katikati, akalichana tena.

"Wao, ndiyo."

"Na wewe?"

"Mstari wa mwisho sikuusoma."

Sikuelewa mara moja. Mimi ni wa polepole.

"Akiamka mpeni maji ya moto aoge," akasema. "Niliusoma Jumanne ileile, dada. Nikajua hujaelewa. Nilicheka. Maiti ya mama iko chumba cha pili na mimi nacheka kama mwehu. Kisha nikapiga ile namba ya Mama Pasi. Mara mbili. Mara mbili nikakata kabla haijaita."

"Kwa nini?"

"Ungelia na nani kule? Geti limefungwa, barabara zimefungwa. Mimi huku nimeshikwa na watu kumi, na bado naanguka. Nikasema, acha mmoja wetu abaki na mama siku chache zaidi."

Nilimsukuma. Naungama. Nilimsukuma mdogo wangu juu ya majani ya makaburini, mimi mtu mzima, mtu wa sala.

"Ulinifanya nimshukuru Mungu!"

"Nilikubeba, dada." Hakujitetea kwa mikono. "Nilikuwa sijui njia nyingine ya kukubeba."

Nikakaa. Yeye naye akakaa.

Niseme ukweli, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika: zile siku tano zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa na mama ambaye hatimaye amepumzika, na barua inayokua. Hakuna siku nzuri kama zile tangu hapo. Na ndiyo maana zinaniuma kuliko zile za kilio. Mdogo wangu nimemsamehe, naye anajua. Lakini nikiulizwa kama alifanya vyema, nasema sijui, na nasali juu ya hilo sijui.

Darasa limefunguliwa. Nimerudi. Siku hizi ujumbe nausoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, mbele ya mtu, hata kama ni mtu wa kunicheka.

Nawe uliyefika hapa, pokea hili kutoka kwa dobi. Ukiwa na habari ya kifo kwa mtu aliye mbali, usimpambie. Usimwandikie ameitwa, amelala, amepumzika. Andika amefariki. Kisha mpigie, hata kama huna la kumwambia.

Neno hilo litamchoma. Lakini ataungua siku ileile na wenzake.