Dirisha la Moris ya Bakar

Mume wangu Silima hakujua kukaa. Akila, mguu unacheza. Akiswali, hajatoa salamu vizuri keshasimama. Mtaa mzima wa Jang'ombe walimwita awatengenezee kila kilichovunjika, kwa kuwa mikono yake haikuvumilia kuwa mitupu.

Mwaka wa sitini na tisa binti yetu Shemsa alichaguliwa kwenda Dar es Salaam kusomea uuguzi. Mimi nilifurahi, nikalia, nikaanza kufunga mizigo. Baba yake alitoka nje akaivamia gari ya jirani yetu Bakar.

Ilikuwa Moris ndogo ya teksi, ndiyo itakayotupeleka bandarini. Kioo cha mlango wa abiria, kile cha kusukuma mbele na nyuma, kilikuwa kikigongagonga na kupitisha mvua, maana kitambaa cha ndani ya mfereji kioo kinamopita kilioza na vipuri vilikuwa haviingii tena nchini. Silima alinitaka nimsukie ukili mwembamba, kama wa mkeka, upana wa kidole. Akautandika mferejini, akakirudisha kioo. Kikateleza vizuri. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Jumanne akakitoa tena. Jumatano pia. Shemsa akamfuata palepale garini.

"Baba, nimekuja kukuomba radhi. Nnaondoka kesho."

"Ngoja kwanza, mwanangu, kioo kinakaza."

Hakikukaza hata kidogo! Hasira zilinipanda. Mtoto avuke bahari bila radhi ya baba yake, kisa ukili?

"Baba Shemsa," nikamwambia, "mficha maradhi kifo humuumbua. Sema neno, acha kujificha nyuma ya kioo."

Akajifanya hakunisikia. Akaingia jikoni, akachukua chupa yangu ya mafuta ya nazi, akayamimina yote mferejini.

Alkhamisi asubuhi kulikuwa na baridi ya kipupwe. Kitasa cha mlango wa abiria kilikufa zamani na Bakar aliufunga mlango kwa waya, kwa hiyo tuliingilia upande wa dereva. Mimi nyuma, Shemsa mbele. Silima haonekani. Shemsa alikuwa akizungusha pete yake tu. Bakar akawasha gari. Ndipo mume wangu akatokea anakimbia, miguu mitupu, akagonga kioo upande wa binti yake.

Shemsa akakisukuma. Hakikwenda. Mafuta yaliganda kwa baridi, meupe kama samli, na kukishika kioo juu na chini.

"Meli haingoji, Mzee Silima," Bakar akasema.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Silima akabandika viganja vyake kwenye mfereji, akasugua, akapuliza pumzi, akasugua tena. Shemsa naye akaweka viganja vyake palepale kwa ndani. Kisha wote wawili wakabaki hivyo, wakiyapa mafuta joto la mikono yao. Tangu anioe sikuwahi kumwona mtu yule ametulia mahali pamoja.

Kioo kikasogea upana wa vidole vitatu. Shemsa akavitoa vidole vyake nje, baba yake akavishika.

"Nenda, mwanangu. Radhi yangu unayo, tangu siku ile barua ya chuo ilipokuja. Nlikuwa siwezi kuitamka tu."

Bakar akaondoa gari polepole, na Silima akaenda nayo kwa mguu, vidole vya mtoto mkononi, mpaka njia kuu. Pale akaviachia. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa bado amesimama katikati ya njia, mikono mitupu, inang'aa mafuta.